Barakoa: kutoka nyumba ya Sultani hadi cherehani ya Gongoni



Leo tuweke pembeni kidogo mashela na hina. Kuna kitambaa kimoja ambacho karibu kila mmoja wetu amewahi kukivaa, akakichukia, akakisahau ndani ya mkoba, kisha akakitafuta tena siku ya msiba. Naizungumzia barakoa. Mimi ni fundi nguo, nina kiduka changu hapa Gongoni, Tabora mjini, na miaka ile ya korona nilizishona mpaka vidole vikawa vinajua njia vyenyewe. Lakini sianzi na korona, kwa sababu barakoa nayo haikuanza na korona.

Wengi walilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza redioni mwaka 2020. Hapa kwetu watu walikuwa wanasema "maski", wengine "kile cha daktari". Watangazaji wakaja na "barakoa", na vijana wakadhani ni neno jipya la BAKITA, kama lilivyokuja UVIKO-19. Sivyo. Neno ni la zamani, lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa hilo hilo burka tunalolisikia kwenye taarifa za habari. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo tayari, na maana yake humo haina daktari wala ugonjwa. Ni kifuniko cha uso cha mwanamke. Mabibi wa Unguja wa zamani wangeshangaa kuambiwa barakoa ni kitu cha hospitali.

Ile ya asili ilikuwa hivi. Haikuning'inia kama nikabu tunazovaa leo. Ni kipande kilichokazwa, kinashika paji la uso, kinashuka puani na mashavuni, kinaacha macho wazi. Katikati, juu ya pua, kuna kijiti kilichoshonewa ndani ili kitambaa kisigande usoni. Pembeni kuna kamba za kufungia kisogoni. Wenye uwezo walitia nakshi za nyuzi za dhahabu na fedha. Ilikuja na Waomani, na mpaka leo wapo wanaoivaa Oman na ng'ambo ya pili ya Ghuba, kusini mwa Irani, pande za Hormozgan na kisiwa cha Qeshm. Huko kuna zinazoshonwa kwa kitambaa kilichotiwa nili na kusuguliwa mpaka kikang'aa kama shaba, na ile nili huachia rangi usoni kwa mvaaji. Sehemu nyingi msichana huanza kuivaa akivunja ungo au akiolewa, kwa hiyo barakoa yake ya kwanza ni mambo ya ubibi harusi, kama kwetu shela.

Na hilo shela nalo lina safari yake. Siku hizi bibi harusi akisema "shela langu" anamaanisha gauni jeupe na kitambaa chake cha kichwani. Zamani shela ilikuwa vazi la juu la mwanamke wa mwambao anapotoka nje, jeusi. Nguo imegeuka rangi na jina limebaki lile lile. Mimi nayashona mashela meupe kila wiki na sijawahi kupata mteja aliyenitajia hilo.

Anayetusaidia kuona mavazi haya kwa ndani ni Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Aliondoka kisiwani mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kikachapishwa Ujerumani. Humo anaeleza barakoa na shela kama mtu aliyezivaa, siyo kama msafiri aliyechungulia dirishani. Mji Mkongwe, kwenye Jumba la Makumbusho la Kasri, kumewahi kuwekwa chumba kwa kumbukumbu yake. Na picha za kale za studio za Unguja zinaonesha wanawake wa Kiarabu wamekaa kitini, mikono imetulia mapajani, barakoa usoni. Mimi kama fundi jicho langu huenda kwenye kile kijiti cha pua. Mwaka 2020 nilipokuwa nahangaika barakoa zisivuje hewa juu, nilikuwa nachukua vile viwaya vilivyovikwa plastiki vinavyofungia mifuko ya mikate, navishonea ndani ya pindo la juu. Kazi ni ile ile, mahali ni pale pale, mafundi wa kike wa Maskati waliijua kabla yetu sote.

Sasa hapa historia inauma kidogo, nayo inatuhusu sisi watu wa bara kuliko nyinyi wa visiwani. Barakoa ilikuwa alama ya hadhi. Ilimwambia mpita njia kwamba huyu ni mwanamke mwungwana, ana kwao, ana watu. Mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake. Uso wake ulikuwa wazi kwa sababu hakuhesabiwa kuwa na heshima ya kusitiriwa, wala yeye hakuulizwa. Kule Lamu na Mombasa mabibi walitembea ndani ya shiraa, kama hema la kitambaa, na walioshika vijiti vya hema hilo walikuwa wajakazi. Baadhi ya wanawake wale walitoka huku bara. Njia yao ilipita hapa hapa ninapokaa, kutoka Ujiji na Umanyema, wakapita Unyanyembe, wakateremka mpaka Bagamoyo.

Amri ya kuondoa utumwa Unguja ilitolewa Aprili 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909. Tazameni basi wanawake walioachwa huru walifanya nini. Walinunua nguo. Walivaa kanga, wakajitanda, wakafunika vichwa, na miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini buibui likaenea kwa wote, tajiri na maskini, mwenye asili ya Maskati na mwenye asili ya Unyamwezi. Ukilitazama buibui la bibi yako kwenye picha ya zamani usione dini peke yake. Lilikuwa pia tangazo kwamba mimi sasa ni mwungwana na nasitirika kama yeyote. Barakoa za nakshi zikapungua taratibu, kwa sababu alama ya ubora haina kazi tena pale ambapo kila mtu anaweza kujifunika.

Tabora ilikuwa mji wa nguo tangu hapo. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857, kama walivyouita mji wetu, walipokelewa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, na fedha ya njia nzima ilikuwa kitambaa. Merikani, pamba isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya Marekani, na kaniki ya rangi ya nili kutoka India. Hongo ililipwa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo, wapagazi walilipwa kwa nguo. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na jora lilikuwa doti kadhaa. Leo ukija dukani kwangu ukasema "nipe doti moja ya kanga" au "jora la poplini linauzwaje", unazungumza lugha ya misafara ile bila kujijua.

Waarabu wengi waliokaa huku waliingia kwenye familia za hapa kwa ndoa. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Harusi ya namna hiyo ilikuwa ndoa na ilikuwa siasa, maana binti wa mtemi alimletea mume amani ya njia. Sisi watu wa Tabora wengi wetu tumetoka kwenye mchanganyiko huo, Wanyamwezi, Wamanyema, Waarabu, Waswahili wa pwani, ndiyo maana harusi ya Gongoni ina vitu vya kila upande.

Njia iliyoleta nguo ndiyo iliyoleta maradhi. Burton aliandika juu ya misafara iliyopukutika kwa ndui, wapagazi wakiachwa njiani. Kipindupindu kilifika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1850, kikarudi mwaka 1869 na 1870, na safari ile ya pili daktari aliyekuwa Unguja, James Christie, alifuatilia njia zake na kugundua kwamba kilitoka bara pamoja na misafara ya biashara. Mwaka 1918 ikaja ile homa kuu ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Afrika Mashariki ilipanda kutoka bandarini na kufuata reli. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora tangu 1912, na nchi ilikuwa imechoka na vita. Kila mara watu walijiuliza maswali yale yale tuliyojiuliza sisi, nani kaleta, nani anatudanganya, tukae au tukimbie. Sisi Waislamu tuna kisa cha Sayyidna Umar aliyeghairi safari ya Sham aliposikia kuna tauni, na alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu akajibu kwamba anatoka kwenye kadari Yake kwenda kwenye kadari Yake. Kwa hiyo mtu akikuambia kujikinga ni upungufu wa imani, usigombane naye, mkumbushe kisa hicho.

Barakoa ya hospitali, hiyo ya kuzuia maradhi, ni mtoto mdogo kwa umri. Madaktari wa upasuaji wa Ulaya walianza kufunika midomo kwa shashi mwishoni mwa miaka ya 1890. Aliyeitoa chumba cha upasuaji na kuipeleka mtaani ni Wu Lien-teh, daktari mwenye asili ya Kichina aliyezaliwa Penang. Mwishoni mwa 1910 alipelekwa Harbin, kaskazini mwa Uchina, kwenye tauni ya mapafu iliyoua watu zaidi ya 60,000. Yeye alisema tauni hii inapita hewani, akaagiza wahudumu wavae tabaka za shashi na pamba zenye mikia ya kufungia kisogoni. Daktari mkubwa kutoka Ufaransa, Mesny, alimdharau, akaingia wodini uso wazi. Baada ya siku chache alikufa kwa tauni hiyo hiyo, mwezi Januari 1911. Hapo barakoa zikaenea Harbin.

Msidhani ubishi ni wa kwetu peke yetu. San Francisco, Marekani, iliamuru barakoa mwezi Oktoba 1918. Ilipoamuru tena Januari 1919, watu waliunda umoja wa kuipinga, wakakutana kwa maelfu, na aliyewaongoza alikuwa mwanamke. Hoja zao ukizisoma utafikiri zimeandikwa juzi: inazuia pumzi, haifai kitu, serikali isituingilie.

Haya, turudi nyumbani. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, aliyetua kutoka Ubelgiji na kwenda Arusha. Siku mbili baadaye Zanzibar ikatangaza wa kwake. Shule zikafungwa. Misikiti na makanisa havikufungwa. Mwezi Aprili aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwaagiza wakazi wavae barakoa wanapotoka, na hapo simu yangu ikaanza kuita kutoka kwa ndugu wa Ilala na Temeke.

Zile za dukani ziliadimika na kupanda bei, basi mafundi tukaingia kazini. Nilikata kitenge kwa nje na poplini nyeupe kwa ndani. Nyeupe kwa makusudi, mteja aone uchafu afue. Kulikuwa na mishono miwili, ya marinda matatu, na ile yenye mshono wa katikati kama titi la gauni. Marinda yalipendwa na wanaume, mshono wa katikati ulipendwa na wadada kwa sababu hauharibu rangi ya mdomo. Lastiki ya masikioni ilikuwa tabu kwetu sisi wenye kujitanda: ukipitisha chini ya mtandio huwezi kuvua bila kufumua kichwa kizima, ukipitisha juu inateleza. Nikaanza kushona zenye lastiki mbili ndefu za kuzunguka kisogo, juu ya ushungi, kufunga na kufungua bila kuonesha unywele. Zilikwenda mpaka Urambo na Nzega. Nilishona usiku baada ya futari, maana Ramadhani iliingia mwisho wa Aprili mwaka ule, na cherehani haikunyamaza mpaka daku.

Majirani zetu walikwenda njia nyingine. Kenya ilifanya kutovaa barakoa hadharani kuwa kosa, adhabu hadi shilingi 20,000 za kwao au kifungo cha miezi sita, na kiwanda cha kaunti ya Kitui kilichokuwa kinashona sare za shule kikageukia barakoa. Rwanda na Uganda nazo zililazimisha. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilichelewa. Mpaka tarehe 5 Juni 2020 ndipo lilipozishauri nchi zenye maambukizi mtaani ziwaambie watu wavae za kitambaa, tabaka tatu, ya ndani inywe majimaji na ya nje iyazuie. Miezi ya kwanza ulimwengu wa wataalamu ulikuwa unabadilisha maneno, na hilo liliwapa nguvu wabishi. Siwalaumu wote. Mtu akiambiwa leo usivae na kesho vaa, ana haki ya kuuliza.

Kwetu mambo yalichukua sura ya siasa. Rais Magufuli, Allah ndiye ajuaye yaliyo nyoyoni, alisisitiza maombi, na siku tatu za kumwomba Mungu zikatengwa mwezi Aprili. Mwanzoni mwa Mei, akiwa Chato, alitilia shaka vipimo kwa kusema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na korona. Takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Juni tukaambiwa korona imeondoka. Shule zikafunguliwa tarehe 29 Juni, watu wakashangilia, na barakoa zikatoka usoni kwa wiki moja.

Mimi nilikuwa nimekata majora mawili. Mteja mmoja mkubwa, simtaji, alikuwa ameagiza mia nne za wafanyakazi wake, akapiga simu na kusema hazihitajiki tena, na malipo ya awali hakuwahi kutoa. Vitambaa vile viliishia kuwa mifuko ya ndani ya magauni na vitambaa vya kushikia sufuria. Bado ninavyo.

Kilichonishughulisha zaidi ni jinsi maana ya kitu ilivyogeuka haraka namna ile. Aprili mwenye barakoa alikuwa mstaarabu, asiye nayo ni mshamba. Agosti mwenye barakoa alikuwa ama mgonjwa, ama mwoga, ama kibaraka wa mabeberu. Dada mmoja muuguzi alikuwa anaivua akitoka kazini kabla ya kufika stendi, kwa sababu makondakta walimpigia kelele. Wazee waliambiwa na wajukuu wao "bibi unatutia nuksi". Uso ukifunikwa watu hawavumilii kukaa bila kuusoma, lazima waandike kitu juu yake, kama walivyoandika juu ya uso wa mjakazi na uso wa binti Sultani.

Wanaovaa nikabu waliona sinema nzima. Miaka mingi mtaani wameitwa "ninja", wameulizwa kama hawaoni joto, wamesimamishwa benki. Mwezi Aprili 2020 mmoja wa wateja wangu aliniambia kwa kucheka, "Sasa nchi nzima imeingia kwetu." Na kweli. Ufaransa ilipiga marufuku kufunika uso hadharani, sheria ikaanza kazi Aprili 2011, faini hadi euro 150. Julai 2020 Ufaransa hiyo hiyo ikalazimisha kufunika pua na mdomo kwenye majengo ya umma, faini euro 135. Sheria ya kwanza haikufutwa. Basi wakati ule mwanamke akiingia dukani na nikabu alikuwa anavunja sheria, akiingia na barakoa alikuwa anatii sheria, na eneo la uso lililofichwa lilikuwa karibu lile lile. Wenyewe wana maelezo yao kuhusu sababu, mimi nimeyasikia na hayajanikaa.

Harusi hazikusimama. Mfunguo mosi ulipoandama mwezi Mei, walioahirisha kabla ya Ramadhani wakaja kwa mpigo. Binti mmoja wa hapa mtaani alitaka barakoa ya lesi ile ile ya shela lake, na lulu pembeni. Nilimwambia lesi ina matundu, haizuii kitu, akasema nitie bitana. Nikatia satini na pamba. Shangazi yake mmoja alipoiona alikasirika, akasema bibi harusi hafichwi kama mgonjwa wa kifua kikuu, watu watasema ana kasoro. Somo wake, mama wa makamo mwenye asili ya Pemba, akamjibu, "Shangazi, zamani bibi harusi asiyefunikwa uso ndiye aliyesemwa." Shangazi akanyamaza. Binti aliivaa mpaka wakati wa picha, akaivua kwa picha tatu, akairudisha. Bibi yake aliyemlea alikuwa na pumu na alikuwa amekaa mstari wa mbele, na hiyo ndiyo sababu ambayo binti hakumwambia mtu ila fundi wake.

Kisha likaja wimbi la mwanzo wa 2021, na hilo lilitukuta mikono mitupu. Hakukuwa na takwimu. Kulikuwa na matangazo ya misiba redioni, na maneno mapya, "nimonia", "changamoto ya upumuaji". Kule kwenu chama cha ACT-Wazalendo kilisema wazi kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameugua korona, na tarehe 17 Februari akafariki. Siku hiyo hiyo alifariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Kwa wengi wa hapa Gongoni habari ya Maalim ndiyo iliyofungua macho, kwa sababu ni mtu mkubwa na ugonjwa ulitajwa kwa jina lake. Wiki ile ile wateja walirudi, lakini siyo kwa kelele za 2020. Walikuja jioni, wakaagiza tatu au nne, wakazificha kwenye pochi. Mmoja aliniomba nishone kwa kitambaa cheusi cha buibui lake ili isionekane kuwa ni barakoa.

Tarehe 21 Februari Rais alisema kanisani Dar es Salaam kwamba serikali haijakataza barakoa, ila watu wachague, zinazotengenezwa nchini ndizo bora, wajihadhari na zinazotoka nje. Kwa biashara yangu lilikuwa tangazo zuri. Kwa nchi lilikuwa limechelewa, huo ndio mtazamo wangu. Rais naye alifariki mwezi Machi. Mama Samia aliapishwa tarehe 19 Machi, akaunda kamati ya wataalamu mwezi uliofuata, na Mei alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam yeye na wao walikuwa wamevaa barakoa. Tarehe 28 Julai alichanjwa mbele ya kamera, siku chache baada ya kuwasili dozi 1,058,400 za Janssen.

Nimewahi kusikia wanaume wakisema barakoa zilirudi kwa sababu Rais ni mwanamke na wanawake wamezoea kujifunika. Wamesema kwa mzaha, lakini mzaha una mizizi. Mama anayejitanda mtandio anajua kufunika na kufunua kwa heshima, hapotezi utu wake akifunikwa pua. Wanaume wengi walikuwa wanaonja kwa mara ya kwanza, na walivyolalamika, jamani, utadhani wamevishwa shiraa.

Maswali ya dini niliyoulizwa dukani yalikuwa mengi kuliko ya mitindo. La kwanza ni swala. Kufunika mdomo katika swala kumechukizwa na wanavyuoni, lakini kwenye haja kama maradhi karaha hiyo huondoka, na ndivyo masheikh wengi walivyofundisha wakati ule. La pili ni ihramu, nalo bado naulizwa na wanaojiandaa na Hija na Umra. Mwaka 2020 Saudia iliruhusu mahujaji wachache sana waliokuwa ndani ya nchi tu, mwaka 2021 wakawa 60,000 wa ndani waliochanjwa, na mahujaji wa kutoka nje wakarudi 2022. Mwanamke aliyehirimia hatakiwi kuvaa nikabu wala glavu, hilo linajulikana. Barakoa ya maradhi wengi wa wanavyuoni waliiruhusu kwa haja, wapo waliosema atoe fidia. Muulize sheikh unayemwamini kabla hujapanda ndege, siyo fundi.

Cha ufundi naweza kukuambia. Kwa safari ile chukua za pamba laini tabaka tatu, rangi nyepesi, zisizo na nakshi, lastiki za kisogoni na siyo za masikioni, kwa sababu utazivaa juu ya mtandio saa nyingi na joto la Makka halina mchezo. Beba sita, fua kila usiku kwa maji ya moto na sabuni ya mche, anika juani. Waya wa puani uwe umeshonewa pande zote mbili usije ukatoboa kitambaa na kukuchoma. Nikizishona mimi naacha na kishikizo kidogo pembeni, ukitaka kunywa zamzam unafungua upande mmoja tu.